Kasha la Chama: Historia Fupi ya Kompyuta ya Kuundiwa

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, tukiwa katikati ya kupanga kurasa za toleo hili, kompyuta ya chama ilizimika. Haikuonya. Ilitoa harufu ya waya ulioungua, skrini ikawa nyeusi, na chumba chetu kikanyamaza. Tulitazamana. Ndani ya kasha lile zilikuwamo makala zote za toleo, lakini makala huandikwa tena. Kilichotutia hofu ni saa 40 za sauti za wazee wetu waliofika Uingereza miaka ya 1960 na 1970, waliohojiwa na wanachama waliotutangulia. Wawili kati ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Nakala nyingine ya sauti zao haikuwapo. Aibu hiyo ni yetu wenyewe, hatumtwishi mtu.

Kompyuta yenyewe haina jina la kampuni usoni. Kamati ya mwaka 2013 iliinunua kwa michango ya wanachama, katika duka moja dogo kando ya Tottenham Court Road, mwendo wa dakika 10 kutoka chuoni kwetu. Risiti bado imo katika faili la mweka hazina. Haisemi "kompyuta moja". Inataja kipuri kimoja kimoja: kasha, mazabodi, prosesa, RAM, diski, pawa saplai, na mstari wa mwisho ni ada ya fundi ya kuunganisha. Tulilitafuta duka hilo tukiwa na risiti mkononi. Tulikuta mkahawa.

Basi aliyeiunda hayupo tena. Nani angeifufua? Tulipolifuatilia swali hilo tuligundua kuwa jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka 40, na kwamba historia hiyo inawahusu wanachama wapya wanaotuuliza kila Septemba wanunue kompyuta gani. Siku zote tumewajibu kwa bei tu. Safari hii tunajaribu kuwajibu vizuri zaidi.

Nguo ya dukani na nguo ya fundi

Kila mmoja wetu aliyekulia nyumbani anajua tofauti ya kununua nguo iliyokwisha kushonwa na kwenda kwa fundi cherehani. Kwa fundi unachagua kitambaa, unapimwa, unasema unaitaka ya kuvalia wapi, na ikikubana unarudi kwake. Kompyuta ya kuundiwa ni hivyo hivyo. Unaingia dukani, fundi anakuuliza utaifanyia kazi gani, una kiasi gani, kisha anakuchagulia vipuri na kukuunganishia. Anayehariri video anahitaji prosesa yenye nguvu na RAM nyingi. Anayeandika insha hahitaji hayo, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo.

Lakini fundi cherehani anaweza kufanya kazi kwa sababu kitambaa, uzi na vifungo vinauzwa sokoni kwa yeyote. Kama kila kitambaa kingekuwa mali ya kiwanda kimoja, na kila kifungo kinaingia katika shati moja tu, fundi asingekuwapo. Zamani kompyuta ndogo zilikuwa hivyo. Hapa Uingereza mwaka 1980 kampuni ya Sinclair iliuza ZX80 kwa pauni 79.95 kwa mtu aliyetaka kuiunganisha mwenyewe nyumbani, na pauni 99.95 kwa aliyetaka iliyokwisha kuunganishwa. Mteja alishika vipuri kwa mikono yake, lakini vilikuwa vya ZX80 tu. Mwaka uliofuata ikaja BBC Micro, iliyotengenezwa na Acorn ya Cambridge na kuenea katika shule nyingi. Nayo ilikuwa nyumba yenye mlango wake na ufunguo wake. Kipuri cha huku hakikuingia kule.

Haraka ya IBM

Mambo yalibadilika kwa sababu ya haraka. IBM, jitu la kompyuta kubwa za maofisi, ilikuwa imechelewa katika soko la kompyuta ndogo. Kikosi kidogo kilichoongozwa na Don Estridge huko Boca Raton, Florida, kilitakiwa kutoa mashine katika muda wa mwaka mmoja hivi. Kutengeneza kila kipuri wenyewe kusingewezekana kwa muda huo, kwa hiyo walinunua vilivyokuwapo sokoni: prosesa ya 8088 kutoka Intel, na mfumo wa DOS kutoka Microsoft. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM PC ilizinduliwa, bei ya kuanzia dola 1,565. IBM ilichapisha pia kitabu cha ufundi kilichoeleza mashine ilivyoungwa, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza kadi za kuchomeka ndani yake.

Kitu kimoja tu kilibaki kuwa kufuli: BIOS, programu fupi iliyokaa ndani ya chipu na kuiamsha mashine inapowashwa. Ilichapishwa kitabuni kila mtu aisome, lakini ilikuwa na hakimiliki. Kuinakili kulikuwa wizi.

Kampuni changa ya Compaq, iliyoanzishwa Texas mwaka 1982 na watu watatu waliotoka Texas Instruments, ililifungua kufuli hilo bila kuvunja sheria. Kundi moja la wahandisi lilisoma na kuandika BIOS inafanya nini, bila kueleza imeandikwaje. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona, likapewa maelezo hayo na kuandika programu yake kuanzia mwanzo. Kazi ikawa ile ile, maandishi mapya. Mashine ya Compaq ilianza kuuzwa mwaka 1983. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix, iliyofuata njia hiyo hiyo, ikaanza kuuza BIOS yake kwa yeyote mwenye fedha.

Hapo ndipo duka la jirani lilipozaliwa. Kitambaa, uzi na vifungo vyote vilikuwa sokoni. Mtu mwenye bisibisi, meza na mtaji mdogo aliweza kuunda mashine iliyoendesha programu zile zile za mashine ya IBM.

Mmoja wa waliowahi kuiona nafasi hiyo alikuwa mwanafunzi kama sisi. Mwaka 1984, Michael Dell, akiwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alianza kuuza kompyuta alizoziongezea vipuri katika chumba chake cha kulala, kwa mtaji wa dola 1,000. Aliacha masomo. Hatumsifu kwa hilo, na wazazi wetu wasiposoma aya hii itakuwa heri. Tunamtaja kwa sababu kampuni kubwa ya leo ilianza kwa kazi ile ile ya fundi wa mtaani.

Hapa Uingereza msukumo uliongezeka mwaka 1986, Amstrad ilipotoa PC1512 kwa pauni 399 kabla ya kodi. Watu ambao hawakuwahi kufikiria kuwa na kompyuta ya mtindo wa IBM nyumbani wakaipata. Aliyenunua leo, kesho alitaka diski kubwa zaidi. Na wa kumwekea alihitajika.

IBM ilijaribu kurudisha kufuli mwaka 1987. Ilitoa mashine za PS/2 zenye njia mpya ya kuchomeka kadi, na aliyetaka kuiga alitakiwa kulipa. Mwaka 1988 kampuni tisa zilizoshindana nayo, Compaq ikiwa mbele, zilijibu kwa kutangaza njia yao ya pamoja. Soko halikumfuata aliyelianzisha. Mwishoni mwa mwaka 2004 IBM ilitangaza kuiuzia Lenovo ya China biashara yake yote ya kompyuta ndogo.

Barabara ya Tottenham Court

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vifaa vya redio vilivyobaki jeshini viliuzwa katika maduka ya Tottenham Court Road na vichochoro vyake. Waliopenda kuchomelea nyaya walikwenda huko. Redio zikafuatiwa na vyombo vya muziki, na vyombo vya muziki vikafuatiwa na kompyuta. Hata mwanzoni mwa karne hii mtu aliyetoka kituo cha Goodge Street alipita dirisha baada ya dirisha lenye skrini, kadi na nyaya, na wauzaji waliokuwa tayari kupunguza bei ukijifanya unaondoka. Aliyetoka Kariakoo au River Road hakuhitaji kufundishwa. Mwisho wa juma kulikuwa na masoko ya kompyuta katika kumbi mbalimbali, ambako vipuri vilipangwa mezani kama nyanya.

Fundi wa mtaani alikuwa mwisho mmoja wa kamba ndefu. Mazabodi nyingi zilitoka Taiwan, kwa kampuni kama Gigabyte na MSI zilizoanzishwa 1986, na ASUS iliyoanzishwa 1989. Kwa hiyo duka lilikuwa la jirani, lakini bei haikuwa ya jirani. Julai 1993 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kemikali cha Sumitomo huko Niihama, Japani, kilichotengeneza sehemu kubwa ya utomvu wa kufunikia chipu duniani, na bei ya RAM ikapaa. Septemba 1999 tetemeko la ardhi Taiwan likafanya vivyo hivyo. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, na bei ya diski ikapanda kila mahali. Mwaka 2020 na 2021 kadi za grafiki zikaadimika, huku wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakizigombania na wacheza michezo. Fundi ndiye aliyetazamwa kwa jicho baya na mteja, ilhali naye alikuwa amepigwa na wimbi lile lile.

Kilichomsaidia zaidi fundi ni mapatano yaliyoitwa ATX, yaliyotolewa na Intel mwaka 1995. Yalieleza mashimo ya skrubu za mazabodi yawe wapi, ukubwa wake uwe nini, na pawa saplai itoe umeme gani kwa waya upi. Hayakuandikwa magazetini wala hayakushangiliwa. Lakini kwa sababu yake, kasha la kampuni moja hupokea mazabodi ya kampuni ya pili na pawa saplai ya kampuni ya tatu, na kasha la zamani huweza kupokea vipuri vipya.

Kwa nini basi maduka yakafungwa? Sababu ni kadhaa. Kampuni kubwa zilinunua vipuri kwa wingi na kuuza kwa simu, halafu kwa intaneti, kwa bei ambayo fundi hakuiweza. Kompyuta za mkononi zilichukua nafasi ya makasha mezani, na hizo haziundwi dukani. Kodi za pango katikati ya London hazimsubiri mtu anayepata faida ya pauni chache kwa kila mashine. Leo Tottenham Court Road ina fanicha, chakula na kahawa. Tuseme ukweli pia: kwa kompyuta ya kawaida ya kuandikia, ya kuundiwa si lazima iwe rahisi kuliko ya kiwandani. Anayeifuata kwa sababu ya bei peke yake anaweza kujuta.

Mashine isiyofunguka

Kuna sababu nyingine ya kuifuata, na historia ya kwetu inaieleza vizuri. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya hapa Uingereza. Mashine za enzi hizo zilijaza chumba. Zilihitaji wataalamu, na wataalamu walikuwa wageni. Zilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa haba. Mpango wa kuweka hesabu za serikali katika kompyuta ulikwama. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo yalilegezwa hatua kwa hatua miaka ya baadaye.

Wengi wetu tulipoisikia habari hiyo mara ya kwanza tulicheka: nchi nzima kukataza kompyuta! Baada ya jioni ile ya Novemba hatukucheka tena. Tulikuwa tumekaa mbele ya chombo kilichobeba kitu chetu cha thamani, tusijue kukifungua wala wa kutufungulia. Tulionja kidogo walichokionja wao. Tofauti ni kwamba mashine ya Wizara ilikuwa na mlango mmoja, na ufunguo wake ulikuwa ng'ambo. Yetu ilikuwa na milango mingi, ila hatukujua.

Mzee wa mashariki mwa London

Mwanachama mmoja alitueleza kuwa mashariki mwa London kuna mzee wa Kimombasa anayetengeneza kompyuta katika chumba nyuma ya duka la simu. Tulilibeba kasha kwenye treni, limefungwa kwa khanga ya katibu wetu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza wana wa nani na tunasoma nini kabla hajauliza kompyuta ina nini. Kisha akalilaza kasha ubavu, akafungua skrubu mbili, akanusa.

"Haijafa hii, wanangu. Imekosa pumzi tu."

Iliyoungua ni pawa saplai. Alitwambia ilikuwa ya bei ya chini mno kwa mashine ile. Aliyeiunda aliweka prosesa nzuri, RAM nzuri, akabana matumizi pale ambapo mteja hatazami. Akachukua nyingine kwenye rafu. Haikuwa ya kampuni ile ile wala ya mwaka ule ule, lakini skrubu nne ziliingia katika mashimo yale yale, na waya zikakaa mahali pake. Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Tulipoliona faili la sauti katika skrini, katibu wetu alikaa chini.

Tulilipa pauni 60, pamoja na kazi yake. Tulipomshukuru alisema tusimshukuru yeye, tukanunue diski ya pili. Tukainunua siku hiyo hiyo.

Duka lililouza kasha lile lilikuwa limekufa, na kama lilitubania pawa saplai, lilitupa pia risiti iliyotaja kila kitu kwa jina. Mzee aliisoma kama daktari asomavyo cheti cha mgonjwa. Hakuwahi kuiona mashine ile, hakuwahi kumjua aliyeiunda, lakini aliweza kuitengeneza kwa sababu wahandisi wa Boca Raton walikuwa na haraka, wa Texas walikuwa na akili, na wa Intel walikubali kuandika mashimo ya skrubu yawe wapi.

Kwa wanachama wapya

Basi mkituuliza Septemba ijayo, majibu yetu ni haya. Kama unahitaji kitu cha kubeba darasani, nunua kompyuta ya mkononi, na uliza kabla ya kulipa kama betri, RAM na diski yake vinabadilishika. Kama unataka ya mezani, mtafute fundi mwenye duka lenye mlango, na umwambie kazi yako kwanza, bei baadaye. Taka risiti inayotaja jina na namba ya kila kipuri, hasa pawa saplai. Uliza dhamana ni ya vipuri, ya kazi, au ya vyote viwili, na ya muda gani. Uliza leseni ya Windows ni halali. Kumbuka kuwa sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha zako, na haki hiyo haiondolewi na kibao cha "hakirudishwi" ukutani.

Na anayewaza kuipeleka nyumbani siku moja ajue kwamba umeme wa hapa na wa Kenya, Uganda au Tanzania unakaribiana, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Kasha lenye vipuri vya kawaida likifika Tanga au Kisumu litamkuta fundi anayelijua.

Kasha la chama limerudi mezani, na ndilo lililopangia kurasa hizi. Sauti za wazee sasa ziko sehemu tatu. Mwezi Machi tutalifungua mbele ya wanachama wote, kila mtu ashike bisibisi kwa zamu yake. Njooni, na mwenye kipuri cha zamani asichokihitaji aje nacho.